Simu ya Dkt. Cheever: nani hujua kwanza janga linapobisha hodi

Ndani ya filamu ya Contagion, iliyotoka mwaka 2011, kuna simu moja yenye sosholojia nyingi kuliko makaburi yote ya halaiki yanayoonyeshwa humo. Dkt. Ellis Cheever, mmoja wa wakuu wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, yuko ofisini kwake Atlanta. Ameshaambiwa kwamba Chicago inafungwa na kwamba habari hiyo isitoke kwanza. Mchumba wake, Aubrey, yuko Chicago. Cheever anachukua simu na kumwambia afungashe, apande gari, aendeshe moja kwa moja hadi Atlanta, ajitenge na watu, na asimwambie mtu. Anapogeuka anamkuta Roger, mfanyausafi wa jengo, mlangoni. Roger amesikia. Hafoki wala hatishii kumshitaki. Anamwambia daktari kwamba yeye naye ana watu wake, na kwamba hakuna asiye nao.

Wanafunzi wengi wa sosholojia wakipewa filamu hii huigawa vipande: kipande cha Durkheim, kipande cha Marx, kipande cha Goffman, kila nadharia na tukio lake, kisha basi. Kwa njia hiyo nadharia hazigongani, na zisipogongana hatujui ipi ina nguvu. Simu ya Cheever inazilazimisha zote zisimame mbele ya tukio moja na kujibu swali moja: mtu mwema mwenye cheo anapovunja siri ya kazi ili kumwokoa ampendaye, ni nini hasa kimetokea? Nami nashikilia kwamba hatukuona udhaifu wa mtu mmoja. Tuliona jamii ikifanya kazi yake ya kila siku, ya kugawa usalama kwa kufuata nani anamjua nani, ila safari hii mtu wa ngazi ya chini alikuwa karibu akasikia.

Kwa asiyeiona filamu, maelezo machache. Aliyeiongoza ni Steven Soderbergh na aliyeiandika ni Scott Z. Burns, wakisaidiwa na mtaalamu wa virusi Ian Lipkin wa Chuo Kikuu cha Columbia. Kirusi chenyewe, MEV-1, ni cha kubuni, lakini kimeazima tabia za Nipah, kirusi kilichozuka Malaysia mwaka 1998 na 1999, kikitoka kwa popo, kikapitia kwa nguruwe, kikaishia kwa watu. Zaidi ya watu 100 walikufa, na nguruwe zaidi ya milioni moja waliuawa ili kukizima. Katika filamu, Beth Emhoff anarudi Minneapolis kutoka safari ya kikazi Hong Kong, anaanguka nyumbani kwake, na baada ya muda mfupi mumewe Mitch anaambiwa hospitalini kwamba mkewe amefariki. Maneno hayamwingii. Anauliza kama anaweza kwenda kuongea naye. CDC inamtuma Dkt. Erin Mears kuwafuatilia wote waliokutana na Beth, na huko mtandaoni mwanablogu aitwaye Alan Krumwiede anaanza kudai kwamba serikali inawaficha watu tiba.

Ndege na kanuni

Kuna mambo mawili yanayoitangulia simu, na bila hayo simu haieleweki.

La kwanza ni yaliyompata Mears. Anaamka hotelini akiwa na homa na kikohozi, na anajua maana yake. Kabla ya kujililia, anapiga simu mapokezi kuulizia majina ya wote waliomhudumia chumbani. Mtu anayejua kwamba huenda anakufa bado anafanya kazi yake ya kufuatilia maambukizi, safari hii kuanzia kwake mwenyewe. Cheever anataka arudishwe Atlanta kwa ndege. Ndege ipo, lakini inaelekezwa kumchukua mbunge. Mears anabaki Minneapolis, anawekwa katika kituo cha dharura, kitanda kwa kitanda na wagonjwa wengine. Akiwa taabani anajaribu kumsogezea koti mgonjwa wa jirani anayetetemeka kwa baridi. Anakufa hapo.

La pili ni kanuni. Haggerty, afisa anayemletea Cheever maagizo ya serikali kuu, anamweleza namna habari ya kufungwa kwa jiji inavyopaswa kushikwa: asijue yeyote mpaka wajue wote. Ukiisikia mara ya kwanza inaonekana ni kanuni ya haki. Wote tutajua kwa pamoja, hakuna atakayemtangulia mwenzake. Lakini ndege ya mbunge ilikuwa imeshaonyesha kwamba usawa huo una mlango wa nyuma. Cheever anapoinua simu ameshauona mlango huo ukifunguliwa kwa mwingine na kufungwa usoni pa daktari aliyemtuma yeye mwenyewe. Simu ile haikuwa ukiukaji wa kwanza wa kanuni. Ulikuwa ukiukaji wa kwanza uliosikiwa na mtu asiye wa ngazi hiyo.

Nadharia ya dhima inafika wapi

Maelezo yanayokuja haraka ni mgongano wa dhima. Cheever ni mtumishi wa umma na ni mchumba wa mtu, na dhima hizo mbili zinamtaka afanye mambo mawili yasiyopatana kwa wakati mmoja. Talcott Parsons, mwaka 1951, alitofautisha kanuni zinazomhukumu kila mtu kwa kipimo kimoja na kanuni zinazoangalia huyu ni nani kwangu. Mwaka huohuo Samuel Stouffer na Jackson Toby waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu fumbo hili: uko kwenye gari la rafiki yako, anakwenda kasi kupita inavyoruhusiwa, anamgonga mtu, na shahidi ni wewe peke yako. Wakili wake anasema ukiapa kwamba alikuwa anakwenda polepole utamwokoa. Je, rafiki yako ana haki gani ya kutegemea kwamba utamlinda? Wapo waliosema ana haki, wapo waliosema hana, na kila upande ulikuwa na lake la kujitetea.

Lewis Killian alilipeleka swali hilo penye moto wenyewe. Mwaka 1952 alichapisha utafiti kuhusu watu waliokumbwa na mlipuko wa Texas City wa 1947, meli iliyosheheni mbolea ilipolipuka bandarini, pamoja na wakazi wa miji ya Oklahoma iliyopigwa na vimbunga. Waliobanwa kati ya wajibu wa kazi na familia, wengi wao waliifuata familia. Baadaye Enrico Quarantelli, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Kituo cha Utafiti wa Maafa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio mwaka 1963, alipinga picha hiyo. Kwa miongo kadhaa ya kuchunguza maafa, yeye na wenzake waliona kwamba watumishi wa dharura ni nadra sana kuacha kazi zao. Wanahangaika kuhusu nyumbani, ndiyo, lakini wanabaki.

Cheever anawapa wote wawili haki, na hapo ndipo nadharia ya dhima inapoishiwa pumzi. Hakuacha kazi hata dakika moja. Alibaki kwenye kiti chake, na kiti hichohicho ndicho kilichomwezesha kuwafikia watu wake. Mgongano uliokuwa ukiwatoa jasho wanafunzi wa Stouffer na Toby, kwake ulimalizwa kwa simu fupi. Roger naye ana mgongano uleule: anasafisha jengo la CDC wakati nchi inaugua, na nyumbani ana mtoto. Tofauti ni kwamba yeye hana simu ya kupiga, maana hana cha kuisimulia. Nadharia ya dhima inaeleza vizuri uchungu wa kuchagua. Haielezi kwa nini mmoja ana cha kuchagua na mwenzake hana.

Aliyekuwepo bila kuhesabiwa

Cheever hakuwa mzembe. Mtu anayejua kwamba anavunja siri ya serikali huhakikisha yuko peke yake, na Cheever aliamini kwamba yuko peke yake. Erving Goffman, katika kitabu chake cha 1959 kuhusu namna tunavyojionyesha kwa wenzetu, ana maelezo ambayo yangeweza kuandikwa kwa ajili ya ofisi hii. Anasema kuna watu ambao wamo ndani ya chumba lakini hawahesabiwi kuwemo, na mfano wake mkuu ni mtumishi wa nyumbani. Mbele ya mtumishi, tajiri hugombana na mkewe, huhesabu fedha, husema siri za ukoo, kana kwamba chumba ni kitupu. Hamfichi kitu, maana hamuoni. Goffman pia alitenganisha sehemu ya mbele, ambako mtu huvaa sura ya kazi yake, na sehemu ya nyuma, ambako huivua. Mtumishi ndiye mwenye ruhusa ya kupita kote kuwili, na ndiyo maana anajua mengi. Siri ya mtungi, tunasema, aijuaye kata.

Filamu imeliandaa tukio hili mapema na kwa utulivu. Kabla ya hali kuharibika, Roger anamsimamisha Cheever na kumuuliza kuhusu mwanawe, mtoto mwenye tatizo la kutulia na kuzingatia masomo. Ni ombi la mzazi kwa daktari anayemwona kila siku. Cheever ni muungwana, anamjibu vizuri, ingawa huo si udaktari wake. Kwa hiyo mtazamaji hawezi kusema kwamba daktari huyu anawadharau wadogo. Anawaheshimu wakisimama mbele yake. Wakiwa wameinamia ndoo na mifuko ya takataka, hawamo.

Ndiyo maana sentensi ya Roger ina uzito kuliko shitaka lolote. Hasemi kwamba daktari amevunja sheria, wala hadai auze ukimya wake. Anasema ana watu. Anakataa kuendelea kuwa mtu asiyehesabiwa, na anafanya hivyo kwa kutaja kitu kimoja tu kinachomfanya afanane na bosi wake. Marx angetamani aende mbali zaidi, awaite wafanyausafi wenzake wagome. Katika filamu hii wanaogoma ni wauguzi, kwa kukosa miongozo ya kuwalinda, na tukio hilo linapita kwa maneno machache tu. Naona hapo filamu imepoteza nafasi. Wauguzi wale walikuwa wanasema jambo lilelile la Roger, ila walilisema kwa umoja.

Siri ilivyotembea

Georg Simmel aliandika mwaka 1906 kwamba siri humpa anayeishika nafasi ya pekee, na kwamba ndani ya kila siri kuna kishawishi cha kuitoa. Aubrey anaambiwa asimwambie mtu. Anamwambia rafiki yake mmoja. Simlaumu, na nadhani filamu nayo haimlaumu, maana anafanya kwa rafiki yake kilekile ambacho Cheever amefanya kwake. Rafiki naye ana watu wake. Muda si muda maneno ya simu ile yako Facebook, na Krumwiede anayasoma hewani kwenye mahojiano ya televisheni, Cheever akiwa upande wa pili wa kipindi.

Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba habari mpya haziletwi sana na watu wa ndani kabisa, kwa kuwa hao wanajua tunayoyajua. Huletwa na watu wa mbali kidogo: mfanyakazi mwenzako, rafiki wa rafiki. Siri ya Cheever ilitoka kwenye uhusiano wa damu moto, uchumba, ikaingia kwenye urafiki, kisha ikaangukia mikononi mwa watu wasiofahamiana kabisa, na kila hatua iliongeza kasi yake. Roger na Cheever nao wana uhusiano dhaifu wa aina hiyo, wa kusalimiana na kuulizana hali. Tutaona baadaye ulivyokuja kuwa na thamani kubwa.

Tamotsu Shibutani ndiye ninayemwamini zaidi katika sehemu hii. Alikuwa Mmarekani wa asili ya Japani, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa mmoja wa maelfu waliowekwa kambini na serikali yao wenyewe. Huko aliona uvumi ukizaliwa. Katika kitabu chake cha 1966 alikataa dhana kwamba uvumi ni ujinga wa watu wa kawaida. Alisema ni watu wakisaidiana kutunga habari pale ambapo wanazihitaji sana na njia rasmi hazizitoi. Ukiitazama kanuni ya Haggerty kwa jicho hilo, inageuka kuwa kiwanda cha uvumi. Mji mzima unataka kujua, wachache wanajua na wamenyamaza, na pengo hilo halikai tupu. Krumwiede analijaza kwa dawa ya mimea aitwayo forsithia, ambayo anadai ilimponya. Baadaye damu yake inapimwa na kuonekana hakuwahi kuugua. Ni tapeli aliyejitajirisha kwa hofu za watu, na filamu ina haki ya kumchukia. Lakini hakuunda njaa ya habari. Aliikuta.

Kuna jambo ambalo filamu yenyewe inalikosea, na nalisema kwa uzito kwa sababu limewaingia watazamaji wengi kama ukweli. Inaonyesha maduka yakiporwa, watu wakikanyagana kwenye foleni ya chakula, majirani wakiuawa kwa bunduki, kana kwamba mwanadamu akiondolewa polisi huwa mnyama. Quarantelli na wenzake walichunguza mamia ya maafa wakitafuta taharuki ya namna hiyo, na wakaikuta mara chache mno. Walichokikuta mara nyingi ni watu wakibebana. Mwaka 2008 Lee Clarke na Caron Chess waliligeuza swali: badala ya kuuliza kama raia hutaharuki, waliuliza kama viongozi hutaharuki. Kiongozi anayeogopa kwamba watu watachanganyikiwa huwanyima habari, na kwa kuwanyima huwafanya wasimwamini. W. I. Thomas na Dorothy Swaine Thomas waliliweka hilo kwa ufupi mwaka 1928: watu wakiichukulia hali kuwa ni kweli, matokeo yake huwa ya kweli. Haggerty aliamini Chicago itapagawa, akaifungia habari, habari ikavuja kwa upendeleo, na waliofungiwa wakawa na sababu halali ya kutomwamini tena yeyote anayezungumza kwa niaba ya CDC. Filamu inatuonyesha vurugu na kutuachia tudhani kwamba Haggerty alikuwa sahihi.

Kuwa na watu

Ulrich Beck aliandika mwaka 1986 kwamba umaskini una ngazi lakini moshi hauchagui. Nusu ya kwanza ya Contagion inamfuata: anayekufa mwanzo ni mwanamke wa kampuni kubwa, msafiri wa ndege na mgeni wa kasino, na kirusi hakimuulizi cheo. Nusu ya pili inamkana Beck. Bruce Link na Jo Phelan walieleza mwaka 1995 kwa nini magonjwa hubadilika lakini wanaokufa zaidi ni walewale. Walisema palipo na njia ya kujikinga, wanaoifikia kwanza ni wenye rasilimali zinazofaa kwa kila ugonjwa: fedha, maarifa, madaraka, heshima, na watu wa kufahamiana nao. Aubrey hakuwa na fedha kuliko wakazi wengine wa Chicago, kwa tunavyoonyeshwa. Alikuwa na hiyo ya mwisho.

Na hilo si la filamu tu. Chicago hiyohiyo ilipitia wimbi la joto kali Julai 1995, na vifo 739 vya ziada vikahesabiwa. Eric Klinenberg alilinganisha vitongoji viwili vinavyopakana, North Lawndale na South Lawndale, vyenye wazee wengi maskini wanaoishi peke yao. Katika cha kwanza walikufa takriban watu 40 kwa kila wakazi 100,000. Katika cha pili, pungufu ya 4. Joto lilikuwa moja. North Lawndale ilikuwa imekimbiwa na maduka na wakazi, mitaa imekuwa mitupu, mzee anaogopa kufungua mlango. South Lawndale ilikuwa na mitaa iliyojaa watu na biashara, mzee ana pa kwenda na ana wa kumgongea. Roger anaposema kila mtu ana watu wake, moyo unakubali haraka. Takwimu za Chicago hazikubali. Wapo waliokufa mwaka ule kwa sababu hawakuwa na mtu wa kuwapigia simu, na wapo wengi wenye watu ambao watu wao hawajui lolote linaloweza kuwasaidia.

Deni linalolipwa

Chanjo inapopatikana, haitoshi, na serikali inachezesha bahati nasibu ya tarehe za kuzaliwa. Anayechanjwa anavishwa bangili ya kuonyesha kwamba anaruhusiwa kuingia madukani na penye watu. Michel Foucault, mwanafalsafa aliyechunguza namna madaraka yanavyowakagua na kuwapanga watu, angekuwa na mengi ya kusema kuhusu bangili hiyo, na wengi wameshayasema kwa niaba yake. Kinachonivuta zaidi ni bahati nasibu. Max Weber aliuona urasimu kama utawala usiomwangalia mtu usoni, na mara nyingi tunaulaani kwa hilo. Mpira unaotoa tarehe yako haujui kwamba wewe ni mbunge. Katika filamu nzima ni jambo moja tu linalotimiza kile ambacho kanuni ya Haggerty ilijifanya kutimiza.

Ila nalo lina mlango wa nyuma, maana watumishi muhimu wanapata dozi zao kabla ya zamu. Cheever anapata yake. Anaibeba hadi nyumbani kwa Roger na kumchanja mtoto, yuleyule aliyeulizwa habari zake mwanzoni. Anampa mkono na kumweleza asili ya kupeana mikono, kwamba ilikuwa njia ya kumwonyesha mwenzako kuwa hukushika silaha.

Tukio hilo linagusa, na halikuwekwa kwa hila. Cheever anatoa kinga yake mwenyewe na kubaki hatarini. Marcel Mauss, mwaka 1925, alieleza kwamba zawadi haiji peke yake. Huja na wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Cheever alikuwa na deni tangu mlangoni pale, na Roger alilibeba deni hilo kwa ukimya. Sasa limelipwa na wote wawili wanaweza kutazamana. Ndani ya uhusiano wao, haki imetendeka.

Lakini tumtazame mfanyausafi wa ghorofa nyingine, ambaye filamu haimwonyeshi. Naye ana mtoto. Hakupita kwenye ofisi ya Cheever jioni ile, hakusikia kitu, kwa hiyo hadaiwi na mtu na hamdai mtu. Mtoto wake anasubiri tarehe yake. Mtoto wa Roger aliokolewa kwa njia ileile iliyomwokoa Aubrey na ileile iliyompa mbunge ndege, yaani kujulikana na mwenye uwezo. Uhusiano dhaifu wa Granovetter ulimfikisha mtoto mmoja kwenye chanjo. Cheever ametubu kwa moyo wa kweli, na njia ya kugawa usalama imebaki ilivyokuwa. Uamilifu, nadharia inayouliza kila jambo linasaidiaje kuiweka jamii pamoja, utaridhika hapa, maana mshikamano umerudi. Mimi siridhiki, kwa sababu mshikamano huu ni wa watu wawili, na jengo lile lina wafanyakazi wengi.

Sun Feng, aliyefanya vilevile

Kipimo cha yote haya ni mtu mwingine ndani ya filamu hiyohiyo. Sun Feng ni afisa aliyekuwa akimsaidia Dkt. Leonora Orantes wa Shirika la Afya Duniani kutafuta chanzo cha ugonjwa Hong Kong na Macau. Anajua, kama Cheever alivyojua, kwamba kuna foleni inayokuja. Anajua pia kwamba kijiji chake hakina mtu mezani itakapopangwa. Basi anamteka Orantes, anampeleka kijijini, na kusema atamwachia chanjo ikiletwa. Orantes anakaa nao, anawafundisha watoto wao. Mwishoni anabadilishwa kwa boksi la chanjo.

Akiwa uwanja wa ndege anaambiwa kwamba boksi lile lilikuwa na dozi za bandia. Anainuka na kuondoka mbio kwenda kuwaonya. Filamu haituonyeshi kama aliwahi.

Cheever alitumia alichokijua kumwokoa mtu mmoja. Sun Feng alitumia alichokijua kujaribu kuokoa kijiji kizima. Mmoja alihitaji simu, mwingine alihitaji kutenda jinai, na tofauti hiyo haitokani na tabia zao. Cheever alikuwa ndani ya taasisi inayotengeneza foleni. Sun Feng alikuwa anatazama foleni hiyo kutoka ng'ambo ya bahari. Mmoja alipatiwa nafasi ya kuja na chanjo mkononi na kusamehewa, mwingine watu wake walipewa chanjo ya bandia. Bahati nasibu tunayoonyeshwa ni ya Wamarekani. Afrika nayo inapita mdomoni mwa mwanasayansi kwa sentensi chache, kwa jina la Durban, kama mahali ambapo kirusi kimebadilika miongoni mwa wagonjwa wa UKIMWI na kuwa hatari zaidi kwa dunia. Watu wa Durban watapata chanjo lini, swali halikuulizwa.

Wasiwasi wa Sun Feng ulikuja kupata tarehe zake miaka tisa baadaye. Uingereza ilianza kuwachanja watu wake dhidi ya Uviko-19 tarehe 8 Desemba 2020. Shehena ya kwanza ya mpango wa COVAX, uliobuniwa ili nchi zisizo na fedha zisiachwe nyuma, ilitua Accra, Ghana, tarehe 24 Februari 2021. Kati ya tarehe hizo mbili, Januari 18, mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alisimama mbele ya bodi ya shirika hilo na kuonya kwamba dunia iko ukingoni mwa anguko kubwa la kimaadili. Hakukuwa na mtu wa kumteka. Serikali zilizowahi zilikuwa zimesaini mikataba na watengenezaji mapema, kwa njia halali kabisa, ili kuwalinda watu wao.